Nati Mpya Niliyoiweka Akiba

Tangu nistaafu mwezi uliopita, simu ikilia nyumbani kwetu mke wangu ndiye anayeinuka. Mimi nakunywa chai yangu mpaka mwisho, kisha nauliza ni nani. Kwa miaka mingi sikuweza hivyo. Fundi wa pikipiki akisikia simu baada ya kazi, huikimbilia kabla haijalia mara ya pili, maana anajua kuna mtu barabarani amekalia chuma kilichopita mikononi mwake. Nyinyi mliobaki pale gereji kwa Dale mliniomba niwaandikie nilivyofanya kazi, na nadhani mlikuwa mnangoja ujanja wa kabureta. Huo mnaujua kunishinda. Nitawaandikia habari ya nati moja iliyokaribia kuua mtu, na nitaanza mbali kidogo, kwa sababu nati ile ilianza mbali.

Kazi niliianzia kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, chini ya turubai lililojaa matundu. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Simeoni, Mrundi kama mimi, mfupi, mkali, mwenye nywele nyingi masikioni kuliko kichwani. Siku ya kwanza nilifika nimekunja mikono ya shati, tayari kwa kazi. Hakunipa spana. Alichukua kopo la mafuta ya mgao, akalimimina juu ya mkeka: nati, bolti, washa, vipande vya spoki, vyote vimechanganyika. Akasema, "Panga." Nilipanga kutwa nzima, kila saizi na fungu lake. Jioni akaja, akatazama, akakusanya mafungu yote kwa viganja viwili na kuyarudisha koponi. "Kesho tena."

Nilidhani mzee ana wazimu. Siku ya nne alinifunga macho kwa kitambaa, nikapanga kwa vidole tu, na nilikosea nati mbili pekee. Ndipo akanipa spana. Mpaka leo nikishika nati gizani nawaambia ni namba ngapi, na ujuzi huo sijapata bado sherehe ya kuuonyeshea.

Lazima mwelewe jinsi tulivyokuwa tunaishi na vyuma kule. Kutoka kambini kulitaka kibali, na spea zilikuja siku mfanyabiashara alipojisikia kuja. Hakuna kilichotupwa. Nati iliyolegea ilizungushiwa uzi wa gunia, washa tulizikata kwenye kandambili. Na siku ikipatikana nati mpya, hakuna aliyeifunga popote. Iliwekwa. Kipya kilikuwa cha siku mbaya zaidi ya leo, na siku zote kulikuwa na siku mbaya zaidi ya leo. Mke wangu Konsolata ana sahani sita zenye maua alizopewa siku ya harusi yetu. Zimevuka mipaka na bahari, zimelala kwenye makabati ya miji mitatu ya Marekani, na mimi mwenye nyumba nilikuwa sijawahi kuzilia hata ugali.

Simeoni alikuwa na sheria moja aliyoipata kwa uchungu. Zamani, kabla yangu, alimtengenezea katekista mmoja breki za baiskeli jioni, akiwa amechoka. Asubuhi katekista akateremka mlima nazo, breki zikakataa, akavunjika mguu. Simeoni alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na kwa miezi miwili alipeleka nusu ya mgao wake wa unga kwa mke wa yule mtu. Tangu hapo chombo hakikutoka kwake kabla hajampakia mkewe mwenyewe, Bibi Adela, na kuzunguka naye. "Fundi apakie wa kwake kwanza," alisema. "Ukiona mkono unasita kumpandisha mkeo, rudi ukakaze."

Pikipiki zilipoanza kuingia kambini, za wauguzi na za wafanyabiashara, sheria ikabaki ile ile. Nilipomwoa Konsolata nilimweleza mapema, asije akasema alidanganywa. Alipanda zote. Mara moja tulianguka naye kwenye shamba la muhogo, na hilo bado linatajwa nikichelewa kurudi nyumbani. Hajui plagi wala kabureta, lakini kiuno chake hakidanganyiki. Atashuka, atanyoosha kitenge, atasema, "Inavuta kushoto," au, "Huku nyuma kuna kitu kinaongea." Sikumbuki siku aliyokosea.

Tulipopata nafasi ya kuja Marekani, Simeoni alikuwa mzee sana. Alinipa spana yake namba ishirini na mbili na lile kopo. Uwanja wa ndege afisa alilimimina kopo zima mezani, akatazama rundo la nati zenye kutu, akanitazama mimi na koti langu la msaada, akamwita mwenzake aje wastaajabu pamoja. Wakanirudishia zote. Nilizihesabu, msinicheke.

Mji wa kwanza ulikuwa Buffalo, ghorofa ya juu kwenye kichochoro karibu na Grant Street. Tulifika theluji imefunika magari. Pikipiki ya kwanza niliyoiona ilikuwa chini ya turubai uani kwa jirani, nami nikaenda kuisalimia kupitia ua. Mji unaolaza pikipiki nusu ya mwaka haumfai fundi. Niliosha vyombo kwenye jiko la hoteli, na juu ya hilo sina la kuwafundisha. Tukahamia Columbus, mtaa wa Linden, kwenye nyumba za kodi nafuu, nikasukuma maboksi kwenye ghala kubwa. Chini yetu aliishi Mama Feza, mama wa Kikongo kutoka Kivu, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa mzima na moyo wa kuwalisha. Mwishowe dada yake Konsolata akatuita Louisville, akisema huko jua linakaa muda mrefu. Ndivyo tulivyofika mtaa wa Newburg, na ndivyo nilivyompata Dale, mwenye gereji.

Dale mnamjua, sina haja ya kumchora. Siku ya kwanza alinipa pikipiki ya mteja nirekebishe shokapu za nyuma. Nilizikaza mpaka mwisho. Kila pikipiki niliyoijua maishani ilibeba baba, mama, mtoto mmoja na nusu gunia la unga. Sikujua kuwa kuna nchi ambako mashine yote ile ni ya mtu mmoja mwembamba. Kesho yake mteja alirudi akitembea kama aliyetoka kuchapwa. Dale akanionyesha jinsi ya kuuliza uzito wa mtu kwanza, jambo ambalo kwetu ungeulizwa kama unataka kumuuza.

Dale pia ndiye aliyenikuta nimeingiza mkono kwenye pipa lake la takataka, naokota nati. Zile zenye pete ya plastiki ndani, zinazojifunga zenyewe. Alinieleza taratibu, kwa vidole, maana Kiingereza changu kilikuwa bado mtoto: pete ile inauma mara moja tu. Ukishaifungua, plastiki imetanuka, haiumi tena, weka mpya. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alipokwenda kula, nikarudi kuziokota. Nati nzima, nyuzi zake zimekaa vizuri, haina hata kutu, mtu anaitupa! Niliona ni dhambi, na kopo la Simeoni likazidi kunenepa.

Sasa nije kwa Dennis.

Nyumba yetu ya Newburg ina gereji. Dale aliniuzia mashine yake ya zamani ya kuchomelea, na Jumamosi nilikuwa nafanya kazi zangu mle ndani mlango ukiwa wazi, majirani wakija kutoa ushauri. Dennis alikuwa Mkenya aliyekuja Columbus kusoma, akamaliza, akapata kazi kwenye ofisi ya bima, lakini akaendelea kupanga chumba kwa Mama Feza kwa sababu ya chapati. Mama Feza ndiye aliyemwambia habari zangu. Alikuja na gari la rafiki yake, nyuma amebeba fremu ya pikipiki ya Kijapani yenye umri kumshinda yeye, na injini ya pikipiki nyingine ndani ya sanduku.

"Mzee, nataka tuijenge from zero," alisema. "Kitu simple, clean. Na seat moja tu."

"Moja? Na mgeni utampakia wapi?"

"Hakuna mgeni, Mzee. Ni mimi na barabara."

Konsolata alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Masikini ya Mungu," akasema. "Kijana mzuri hivi, hana hata wa kumpakia."

Dennis alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nilimpenda hapo hapo.

Kazi ilichukua miezi minne ya Jumamosi. Nilikata mkia wa fremu kwa grenda, nikachomelea chuma kipya chenye mkunjo, na ule mshono niliurudia mara tatu mpaka nikaridhika nao. Injini haikutaka kukaa kwenye fremu isiyo yake, ikabidi nitengeneze vishikio kwa sahani ya chuma. Nyaya nilizichora kwanza kwenye karatasi ya unga wa ngano. Tenki Dennis mwenyewe alilipiga msasa wiki nne, kila akija, mpaka vidole vikabaki havina alama, tukalipaka rangi ya kijani iliyokolea. Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa gereji na sote wawili tukapiga kelele kama watu waliofunga goli. Nimejenga na kutengeneza pikipiki nyingi. Nzuri kama ile sijapata.

Mnyororo ndio uliotusumbua. Gurudumu la nyuma halikukaa sawa na la mbele, na kila nikiurekebisha lazima nifungue nati kubwa ya ekseli, nisogeze, nikaze, nipime, nifungue tena. Nilifanya hivyo mara nne. Ilikuwa ni nati yenye pete ya plastiki, tena ya zamani, iliyokuja na fremu. Dennis alikuwa ameagiza mpya, ikafika kwenye kifuko chake safi. Mwishoni kabisa nilishika zote mbili. Ile mpya ilikuwa inang'aa. Ya zamani ilikuwa na nyuzi nzuri tu. Mkono wangu ukafanya ulichozoea: ukafunga ya zamani, ukaiweka mpya koponi pamoja na kifuko chake. Sikufikiri hata kidogo. Kama mngeniuliza dakika tano baadaye, ningesema nimefunga mpya.

Konsolata alikuja kuitazama ikiwa imekwisha. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Hii sijaipanda, Baba Anita."

"Utaipanda wapi? Haina kiti chako."

"Basi haijakwisha."

Nikamwambia mambo ya Marekani ni mengine, mteja ndiye anayeamua viti. Niliizungusha mwenyewe mtaani, peke yangu, ikaenda vizuri. Mkaguzi wa kaunti akasoma namba zake na kutazama taa, akatia sahihi. Alhamisi mchana Dennis akaja kuichukua. Angelala kwake Linden, na Ijumaa angeondoka saa nne asubuhi kwenda Buffalo, kwenye harusi ya binamu yake. Alitoka uani kwetu akipunga mkono mmoja, na mimi nikamfokea ashike kwa miwili.

Ijumaa ile nilikuwa na mapumziko. Wiki mbili zaidi nami ningestaafu, Dale alikuwa ameshaanza kuninunia kwa huzuni. Asubuhi na mapema niliingia gereji kutafuta washa ya bomba la jikoni. Nikamimina kopo mezani. Kati ya nati zote zile za kutu kikaanguka kifuko kinachong'aa.

Nilikishika, nikakigeuza. Kwanza sikuelewa. Kisha nikaona mkono wangu unavyofunga ile nati ya zamani, nikahesabu: mara nne nimeifungua. Nikasikia maneno ya Dale kama vile ananiambia tena, inauma mara moja tu. Hiyo ndiyo nati inayoshika gurudumu la nyuma.

Nilimpigia Dennis. Ikalia mpaka mwisho. Nikapiga tena, nikapiga tena. Nikamwamsha Konsolata.

"Mana yanje," alisema, Mungu wangu kwa Kirundi chetu, na hilo ndilo neno pekee la lawama nililopata siku ile. Alivaa haraka, akachukua thermosi. Mimi nikachukua kile kifuko na spana ya Simeoni. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa barabarani. Kama Dennis angeondoka saa nne kama alivyosema, tungemkuta mlangoni.

Tulifika Linden saa nne kasoro dakika chache. Uani hapakuwa na pikipiki. Mama Feza alifungua mlango na kitambaa cha jikoni begani.

"Ah, Papa Anita! Karibu! Bon, ule kijana alishaenda, saa tatu tu njo alitoka. Alisema iko na furaha, hawezi ngoja."

"Mama Feza, mbona hapokei simu?"

Akaingia jikoni, akarudi na simu mkononi. "Simu yake njo hii. Ililala hapa ku cuisine, akaenda akaisahau. Tangu alitoka inalia tu, inalia tu, miye nikasema, huyu mutu wa kupiga hachoke? Donc, ni wewe?"

Ndiyo, ni mimi. Nilisimama pale nikitazama jina langu kwenye kioo cha simu ya mtu mwingine, mara kumi na kitu. Nilifikiri kuwaita polisi wa barabarani, lakini ningewaambia nini? Namba ya usajili ilikuwa ya karatasi, ya muda, sikuiandika popote, na tulikuwa hatujui hata amepita njia gani. Mama Feza akatuandikia anwani ya duka la Grant Street ambako wapishi wa harusi walikuwa wanakusanyika. Akamwekea Konsolata chapati mapajani kupitia dirishani, hakutaka kusikia habari ya kushiba.

Kutoka Columbus mpaka Buffalo ni zaidi ya saa tano. Sitaki kuzirudia, lakini nilisema nitawaambia ukweli. Nilikuwa naendesha huku natazama kando ya barabara, na Konsolata upande wake, kila daraja, kila mtaro. Nilimfikiria mama yake Dennis, ambaye simjui, huko Kenya, anayeamini mwanawe yuko ofisini. Nilimfikiria yule katekista. Nikaona kwamba Simeoni alinipa vitu viwili, kopo na sheria, nami nilikuwa nimeshika kopo nikaiacha sheria. Nililia kidogo tukiupita mji wa Cleveland, na Konsolata akajifanya anatazama ziwa.

Mbele zaidi magari yakaanza kupunguza mwendo. Tukaona taa za polisi, gari la wagonjwa, na kando ya barabara pikipiki imelala ubavu.

Nilijifunika macho kwa mikono miwili. Konsolata ndiye aliyeshika usukani kwa mkono mmoja. "Tenki la kwetu rangi gani?" akauliza.

"Kijani."

"Hii ni nyekundu, Baba Anita. Tazama. Ni nyekundu."

Mwenye pikipiki alikuwa amekaa juu ya chuma cha ukingo, mzungu wa umri wangu, ameshika kofia yake ngumu magotini, mzima. Tulifurahi, kisha tukaona aibu ya kufurahi, kwa sababu na yule ni wa mtu. Konsolata akamwombea kwa sauti mpaka tulipompita mbali.

Tuliingia Grant Street saa kumi jioni. Jua kali, watu wengi nje, akina mama wa Kisomali wanachagua ndizi, foleni kwenye duka la kutuma fedha. Na mbele ya duka la vyakula, imeegemea mguu wake, tenki linameremeta, pikipiki yangu ya kijani.

Sikutafuta maegesho. Niliacha gari katikati na mke wangu ndani yake. Nilipiga magoti penye lami, nikatia vidole viwili kwenye nati ya nyuma. Ikazunguka. Bila spana, kama kifuniko cha chupa ya soda. Ilikuwa imebaki na nyuzi mbili, labda tatu. Niliweka paji la uso wangu juu ya gurudumu lile la moto nikasema asante, nikasema asante, mpaka mtu wa nyuma yetu akaanza kupiga honi.

"Mzee?" Dennis alikuwa amesimama mlangoni na sambusa mkononi. "Mama? Kwani mmealikwa pia? Si mngesema tukuje pamoja."

Nikamwambia nikiwa pale pale magotini. Nilimwambia yote: pete, mara nne, kopo. Sikujitetea kwamba nilisahau. Nilimwonyesha kile kifuko.

Aliitazama nati ya zamani ikizunguka kwenye vidole vyangu. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, sambusa ikamwanguka.

"Nili-feel, Mzee. Kutoka Cleveland ilikuwa inacheza huku nyuma. Nikasema ni upepo wa lake." Kisha akauliza, bila ukali wowote, na ingekuwa heri angenitukana: "Na mpya ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ulikuwa unamwekea nani?"

Nimefanya kazi hii tangu ujana na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo. Nilifungua kifuko kwa meno, nikafunga nati mpya, nikaikaza kwa spana ya Simeoni mpaka nikasikia ile plastiki inauma. Dennis aliniomba spana, akakaza na yeye, ikakataa kusogea. Ndipo akavuta pumzi, akaniinua kwa makwapa. "Uko sawa, Mzee. Mimi niko sawa. Tuko sawa. Ingieni mle."

Tulilala Buffalo, tukala harusi ya watu tusiowajua, Konsolata akacheza na gauni lile lile alilosafiria. Jumapili tulirudi, Dennis mbele na sisi nyuma yake. Mpaka Columbus sikuitazama nchi, nilitazama gurudumu la nyuma, linavyozunguka wima, halichezi. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile.

Ijumaa iliyofuata jioni nikasikia mlio wake uani. Dennis alivua kofia.

"Mzee, weka seat ya pili."

"Umepata wa kumpakia?"

"Bado. Ni ya Mama. Aliniambia kule Buffalo eti hii kitu haijaisha."

Tulikesha. Nilikata, nikachomelea, nikaongeza vikanyagio vya miguu, na shokapu nikazipima kwa uzito ambao sitautaja, maana nyumbani nataka amani. Dennis alishona ngozi ya kiti mwenyewe, vibaya. Kila nati yenye pete niliyoifungua niliitupa kwenye pipa, na mpya ikafungwa. Mara ya kwanza mkono ulikataa kuachia. Mara ya tatu ukazoea.

Jumamosi asubuhi Konsolata akatoka amefunga kitenge juu ya suruali ya binti yetu Anita, kofia ngumu juu ya kilemba. Akapanda, akanishika kiunoni. Tulizunguka Newburg yote, tukapita mbele ya kanisa letu, tukapita kwenye nyumba za ghorofa ambako watoto walitukimbilia wakituita kwa Kiingereza. Kwenye kilima kidogo nikasikia anacheka. Mkono wangu haukusita mahali popote.

Tuliporudi alishuka, akanyoosha kitenge. Dennis na mimi tukangoja kama watuhumiwa.

"Haina kinachoongea," akasema. "Mpe kijana chombo chake."

Kabla Dennis hajaondoka tulikula, sote watatu, kwenye sahani zenye maua. Moja ilikuwa na ufa tangu kambini na hakuna aliyewahi kujua. Halafu akawasha, akaenda zake Columbus. Mlio wake niliusikiliza mpaka ulipoishia barabara kubwa, nikafagia gereji, nikaingia ndani nikalala saa tisa mchana. Niliamka Jumapili kengele za kanisa zinalia. Simu nilikuwa nimeiacha gereji, juu ya meza, karibu na kopo, na sikwenda kuichukua mpaka Jumatatu.